Ekzosi Mpya ya Mzee Waithaka

Mume wangu Muiruri ni fundi hodari na ni mbishi, na sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichotaka kuniua kwa presha siku ile.

Jirani yetu Mzee Waithaka alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa kesho yake. Aliacha pikipiki moja ya zamani, BSA aliyoinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama shamba, mimi sijazaliwa. Dundori nzima iliijua. Aliacha na neno: siku akitolewa mochari ya Nakuru, pikipiki hiyo itangulie mbele ya jeneza mpaka nyumbani. Mama Becky, mjane wake, alikuja mwenyewe kumwomba Muiruri aiendeshe. Ungeniuliza mimi, ningesema tafuteni gari la kupiga honi, yaishe. Ekzosi yenyewe, bomba la kutolea moshi, ilikuwa imeoza. Sailensa ya kupunguza mlio imeliwa na kutu, imefungwa kwa waya na kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia, na mlio wake ulikuwa wa kupasua masikio.

Muiruri akashuka mtaa wa Bondeni, Nakuru, kwa vijana mafundi wa jua kali, wakampindia bomba jipya, akapata na sailensa ya pikipiki nyingine inayoingiliana. Akarudi akitabasamu kama mtu aliyeoa mara ya pili.

Kazi aliifanyia kwenye stoo yetu ya viazi, chumba cha mabati chenye mlango mmoja na hakuna dirisha. Kabla ya kufungua ekzosi ya zamani, akaiwasha pikipiki ati aisikilize injini. Wee! Kuku walitawanyika, na ng'ambo ya ua kwa Mama Becky wimbo ukakatika katikati. Mzee Mwaura, ndugu ya marehemu, akaja mpaka kwenye ua na fimbo yake.

"Muiruri! Watu wako kwa maombi na wewe unatupigia mizinga? Huwezi kutuheshimu hata leo tu?"

"Pole, mzee," Muiruri akasema, ameinamisha kichwa. "Haitasikika tena."

Aibu ilinishika mimi, si yeye. Mzee alipoondoka nikamgeukia. "Si ungoje maombi yaishe?"

"Yakiisha ni giza, Wachuka. Ekzosi mpya lazima ipate moto, injini iwake kwa muda, halafu nikaze nati tena zikiwa moto hivyo hivyo. Nisipofanya hivyo italegea njiani. Unataka nimwangushie mzee bomba mbele ya jeneza lake?"

"Mimi nataka amani na majirani."

"Nimesema haitasikika. Enda."

Basi nikaenda. Nikakaa na akina mama wengine nyuma ya hema la msiba kwa Mama Becky, tukimenya waru, viazi vya wageni. Mikono ilikuwa kazini lakini sikio langu lilikuwa kule stooni kwetu. Baadaye nikasikia kitu, kijisauti chepesi kama cherehani iliyo nyumba ya pili. Hakuna aliyeinua kichwa. Kisha mvua ya huku kwetu, ile isiyobisha hodi, ikaangukia hema na mabati, nami sikusikia tena chochote. Nikajua amemaliza, amezima. Nikajisemea, kumbe huyu mtu akiambiwa husikia! Nikatulia kabisa.

Maombi yakawa marefu. Yalipofika kwa shukrani nikapakua chakula, nikafunika sahani, nikavuka ua kumpelekea. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa. Kwenye nyufa zote, juu na chini, alikuwa ameshindilia magunia.

"Muiruri, chakula."

Kimya.

"Umeninunia? Kwa sababu ya Mzee Mwaura, mimi ndiye wa kununiwa?"

Kimya. Hasira ikanipanda. Nikaiweka sahani juu ya jiwe, nikamwambia akae na njaa yake, nikageuka kwenda. Kiatu kikanasa kwenye matope. Nikashika ukuta ili nikivute, na mabati yalikuwa yanatetemeka.

Nilibaki nimesimama kwa mguu mmoja. Nikaweka sikio. Injini ilikuwa inawaka mle ndani, taratibu, kwa adabu zake zote. Hapo ndipo kila kitu kiliniingia kwa pamoja. Yale magunia yalikuwa ya kuzuia sauti. Alijifungia asisumbue waombolezaji, na moshi wote alijifungia nao. Sisi watu wa baridi tunaujua moshi wa namna hiyo, tunaonyana kila siku kuhusu kulala na jiko la makaa. Muiruri mwenyewe amewahi kumfokea mpangaji wetu kwa jambo hilo. Lakini nani alifikiria pikipiki?

Nikavuta mlango. Komeo la ndani. Nikausukuma kwa bega, nikasikia uzito wa magunia ya viazi nyuma yake. Nikapiga mayowe. Ngai, Mungu wangu, nilipiga mayowe! Niliita jina lake, niliita watu, niliita mpaka koo likawaka.

Hakuna aliyekuja. Na ungetegemea nini? Nani atashtuka na mayowe kando ya nyumba ya msiba? Walidhani ni jamaa wa mbali ndio kwanza anafika. Kuna mwanamke nilimsikia kabisa akisema, "Mwacheni alie, mwacheni tu."

Nikachukua jembe nikaanza kupiga mabati. Yalibonyea, hayakupasuka. Nikaingiza vidole kwenye ufa nikavuta, mkono ukachanika, sikusikia uchungu. Nilikuwa naogopa, siwezi kuficha. Akilini niliona lile hema likihamishwa kutoka kwao likiletwa kwetu, viti vile vile, watu wale wale. Nikamwambia Mungu achukue stoo, achukue na ng'ombe, aniachie huyu mbishi wangu.

"Sogea."

Nilikuwa sijamwona akifika. Mama Becky alikuwa amesimama nyuma yangu na gauni lake jeusi, mvua inamtiririka, shoka la kuni mkononi.

"Jamaa zangu wote wameshafika," akasema. "Nikajua hiyo sauti ni yako."

Akapiga bawaba ya juu, akapiga ya chini, zikaachia. Tukauvuta mlango pamoja mpaka ukaanguka ubavu, na moshi ukatupiga usoni. "Vuta pumzi hapa nje uifunge," akaniambia. Nikafanya hivyo, nikapanda juu ya magunia, nikaingia.

Muiruri alikuwa amelala kando ya gurudumu la nyuma, spana mkononi, uso mwekundu kama wa mtu aliyetoka shambani juani. Nikamshika makwapani. Mama Becky akanipita, leso mdomoni, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki ya mumewe, akapeleka kidole chini ya usukani mahali ambapo mimi ningepatafuta mpaka asubuhi. Injini ikazima. Kisha akashika miguu, tukamtoa.

Tulimlaza kwenye matope, mvua ikimpiga. Pumzi ilikuwepo, lakini nyembamba mno. Nikampiga kofi. "Muiruri! Usinifanyie hivi! Wewe, amka!" Nikampiga lingine. Hakuna kitu. Mama Becky akapiga magoti, akaanza kumsugua kifua kwa mikono miwili, midomo yake inacheza. Nilidhani anaomba. Nikainama, nikasikia anachosema.

"Mmoja amenitosha. Unanisikia? Mmoja amenitosha."

Si mimi aliyekuwa akimwambia.

Muiruri akakohoa. Akatapika, akakohoa tena, akafungua macho. Aliyaangalia mawingu, akaniangalia mimi kama mtu asiyenijua, halafu akamwona Mama Becky akiwa amepiga magoti matopeni na gauni la msiba. Akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Mama Becky," akasema, sauti imekwaruzwa. "Pole sana. Kelele imewafikia?"

Mimi nilicheka. Nililia na kucheka na kumpiga bega, vyote kwa wakati mmoja, nikimwita mjinga, nikimwita mume wangu. Mama Becky hakucheka. Alimshika shavu.

"Hatukusikia kitu, mwanangu," akasema. "Hatukusikia kitu kabisa."

Tangu Mzee Waithaka afariki sikuwa nimemwona huyu mama akitoa chozi. Alikuwa amepokea wageni, amepanga vyakula, amekumbusha watu chai. Sasa alikaa kitako kwenye matope, akafungua mdomo, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwa binadamu. Safari hiyo watu wote walikuja mbio. Waliruka ua, wakavunja fito zake, vijana wakamnyanyua Muiruri wakimkimbiza kwenye pikapu apelekwe hospitali, nami nikiwafuata na kiatu kimoja.

Mzee Mwaura alifika akihema, fimbo ameiangusha njiani. Aliangalia mlango uliolala chini, akawaangalia wale vijana na mzigo wao, akamwinamia shemeji yake.

"Ni nani amekufa?" akauliza. "Mama Becky, ni nani amekufa?"

"Waithaka," akajibu. "Waithaka wangu amekufa."