Nane za Nani

"Wewe tena?" Hetal aliuliza kutoka nyuma ya mlango wa vyuma, wala hakugusa kufuli. "Ulikaribia kumuua mama mkwe wangu. Umekuja kumaliza kazi?"

Musimbi alikuwa amehitimu masomo ya lishe mwaka jana tu, na aliamini kwa moyo wote kwamba mtu akipimwa vizuri atatibiwa vizuri. Wiki tatu zilizopita alizunguka nyumba za Wahindi mjini Kakamega akiuliza walichokula jana yake. Katika nyumba hii alijibiwa na Ba, mama mkwe wa Hetal, kikongwe aliyeletwa kutoka Gujarat akiwa bi harusi: chapati nane. Musimbi akaandika nane. Kliniki ikaona nane, ikashtuka, ikamwamuru Ba, mgonjwa wa kisukari, ale mbili tu. Dawa ikabaki ile ile. Siku ya nne sukari ikashuka mno, Ba akaanguka bafuni.

Kesho Ba alikuwa anarudi kliniki, na fomu ile ile ilikuwa ikimngoja.

"Nipe dakika kumi, dada. Kuna kosa kwenye fomu yangu, ila bado silioni."

"Dada yako nani?"

"Mfungulie," sauti ilikwaruza kutoka jikoni. "Nataka nimwone huyo mwizi wa chapati."

Ba alikuwa amekaa mbele ya kibao cha kusukumia, bandeji kwenye paji la uso.

"Bibi, niliandika ulivyoniambia. Nane."

"Nane, ndiyo. Nane za nani?"

Musimbi akatoa fomu na mizani yake ndogo mkobani. Ba akasonya, akachukua kidonge cha unga kisichozidi ndimu, akakisukuma, akakichoma, kisha akakitupa juu ya mizani hiyo. Chapati ilikuwa nyembamba kama jani. Gramu ishirini na sita.

Musimbi alifungua mkoba tena, akatoa chakula chake cha mchana: chapati ya kibandani, imefungwa kwenye gazeti lililolowa mafuta. Gramu mia moja na nne. Na fomu ilisema wazi: chapati moja, gramu mia moja. Aliyeiandika alijua chapati moja tu duniani. Na yeye Musimbi, aliyelelewa kwa hiyo hiyo, hakuuliza.

Nane za Ba zilikuwa mbili za kibandani. Tangu mwanzo bibi wa watu alikuwa akila kile kile ambacho kliniki ilitaka.

"Kwa hiyo mmenilisha nusu chapati," Ba alisema. "Hata kuku wenu anashiba kunishinda."

"Pole sana, Bibi."

"Pole ina gramu ngapi? Iweke hapo tuone."

Musimbi alipiga simu kliniki.

"Weka sauti juu," Hetal aliamuru. "Na useme jina lako."

Akasema. Kosa ni langu, mimi Musimbi. Mrudishieni Ba chakula chake chote leo hii. Muuguzi akauliza ni nyumba ngapi nyingine zilizoandikwa hivyo.

"Arobaini na moja," Musimbi alijibu.

Hetal alikuwa tayari ameshafungua mlango. "Anza na hapo jirani. Nimeshawaambia wewe ni nani."

Musimbi akatoka, na nyuma yake kufuli likalia. Jikoni Ba alikuwa akizipiga chapati kwenye sahani moja moja, akihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika hadi barabarani.

"Saba! Nane! Andika, we msichana! Zangu!"