Mama Mwenye Aliitika Jina ya Emérence

"Kitsa, bibi yako alifufuka lini?"

Syauswa, jirani yangu, aliniuliza vile mu soko ya Bulengera, akicheka. Alisoma liste ya batu ya kupewa maharagi ya aide, ile ya musaada, ku mulango ya bureau ya quartier, mutaa yetu. Jina ilikuwa pale: Kavugho Emérence. Na bibi yangu, ule nilioa, miaka tatu sasa analala mu udongo.

Sikukasirika mbio. Nilitaka kwanza kuona. Nani anavaa jina ya Emérence? Iko mufupi? Iko na meno?

Siku ya kugawa nilienda mapema mu kiwanja ya paroisse, ku kanisa, nikasimama karibu ya mifuko. Zorobabel, chef ya quartier, alikuwa mu kiti, tumbo mbele. Emérence akiwa mugonjwa, ule mutu alikatala kusaini karatasi yake ya hospitali mpaka tumuletee mbuzi. Leo njo anamutafutia chakula!

"Kavugho Emérence!" agent ya aide akaita.

Mama moja akasimama, mukondefu, mutoto mu mugongo. Aliitika polepole, sawa mutu anayejaribu nguo ya mwingine.

"Bwana yako Kitsa iko wapi?" agent akauliza.

Mama akaangalia chini. Zorobabel akaniona, akaanza kukohoa. Nikisema neno moja tu, chef anapata haya mbele ya bageni ba aide. Lakini nani atarudia kwake mikono mitupu? Chef hapana, ni ule mama na mutoto yake.

"Niko hapa," nikasema, nikabeba mufuko ku kichwa.

Mu barabara mama akanielezea. Anaitwa Kahindo, vita ilimufukuza kwabo, Luofu. Chef njo alimupa ile jina. Mufuko inapitaka kwanza kwa chef, ye mama anapewa kabeseni kamoja tu, ingine yote inabaki kule.

"Tupite kwa chef, papa. Kama hapana, atanifukuza ku quartier."

"Atafukuza bibi ya mutu namna gani?"

Pikipiki moja, moto ya chef, ikasimama mbele yetu. Zorobabel akashuka.

"Papa Kitsa, ule mufuko…"

"Mufuko gani, chef? Ya bibi yangu?" Nilisema kwa nguvu. Bamama benye batoka ku mulongo ya maharagi, mifuko ku kichwa, bakasimama kusikiliza. "Weye mwenyewe ulimuandika. Ao alikufa?"

Chef akaangalia bale bamama. Akapanda moto, akaenda.

Kahindo akacheka, mukono ku kinywa.

"Mwezi yenye inakuya bataita ile jina tena," akasema. "Utakuya?"

"Nitakuya. Lakini unaikala wapi, mama? Shingo yangu inavunjika."