Koti la Yuan Sitini

Kissa alijulikana soko zima la Liuhua kwa kubana bei. Wauza viatu walikuwa wakimwona tu anakuja, wanapandisha kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo Ilham, Mzanzibari aliyepanga naye chumba, alipomweleza kuhusu duka la hisani linalouza nguo kuukuu ili kusaidia wagonjwa, na kwamba pale bei haipunguzwi, Kissa alicheka.

"Kila bei inapungua, dada. Wewe tu unaona haya."

Ilikuwa Januari 2009, baridi imekaza, na polisi walikuwa wakikagua pasipoti za Waafrika barabarani. Viza ya Kissa ilikwisha siku tisa nyuma, na wakala aliyeahidi kuiongeza hapokei simu. Akaenda hivyo hivyo.

Muuzaji alikuwa bibi wa Kichina, mwalimu mstaafu anayejitolea pale. Koti la sufu lilikuwa na kibandiko cha yuan sitini. Kissa akavuta kalkuleta, akabonyeza ishirini.

"Sitini," alisema bibi.

Ishirini na tano.

"Sitini."

Kissa akalirudisha koti, akaelekea mlangoni polepole, akisubiri kuitwa. Hakuitwa. Nje, hatua kumi tu, askari wawili walikuwa wamemsimamisha Mkongo, wanampekua mkoba. Kissa akageuka, akalirudia koti kwa haraka kama mtu aliyesahau mtoto dukani.

Bibi akachungulia dirishani, akamtazama Kissa, kisha akabonyeza themanini.

"Themanini? Bosi, si umesema sitini!"

Bibi akabonyeza tisini.

Tangu aanze biashara, Kissa hakuwahi kuona bei inayopanda mteja akilalamika. Akapiga kelele kwa Kichina chake cha sokoni kwamba ni ghali, ghali mno. Bibi naye akapiga zake. Ndipo askari mmoja, kijana, akaingia.

"Pasipoti."

"Ngoja," bibi alimkemea kama mwanafunzi mchelewaji. "Nauza."

Askari akatazama kalkuleta, akatazama kibandiko, akakunja uso. "Bibi, hapa pameandikwa sitini. Mgeni unamuuzia tisini? Na hili ni duka la hisani!"

"Waafrika wana pesa."

"Hata kama! Si haki."

Wakabishana robo saa nzima, Kissa katikati amekumbatia koti, anahurumiwa. Mwishowe askari akagonga meza: hamsini, basi. Bibi akaguna, akakubali. Kissa akalipa. Askari akampongeza, akatoka kifua mbele, na habari ya pasipoti hakuikumbuka tena.

Gari la polisi lilipoondoka, Kissa alimshika bibi mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. Bibi akauchomoa mmoja, akauacha wazi mbele yake.

"Bado kumi," alisema.

Kissa akatoa kumi.

Jioni Ilham alilipapasa lile koti, akalisifu, akauliza amelipata kwa ngapi.

"Thelathini," Kissa akajibu, akafunga vifungo mpaka shingoni.