Kituo cha Shangazi

Mwaka jana mbio zangu za kilomita mia ziliishia kitandani. Si kitanda cha hospitali. Ni cha Shangazi, alichokipakia nyuma ya pikapu pamoja na chandarua. Nilifika kituoni kwake, pale njiani aliponingoja na maji, goti likinung'unika kidogo tu, akasema, "Jinyooshe kidogo, mwanangu." Nilipoamka, wenzangu walikuwa wanavishwa medali.

Shangazi ndiye aliyenilea. Ni nesi mstaafu, na hawezi kumwona mtu anahema asimtafutie mto. Mwaka huu mume wangu, fundi wa mafriji, akakata shauri: tufanye jaribio nyumbani, na Shangazi akinikalisha tena, asiende mbioni.

"Utamwambia wewe?" nikamuuliza.

"Nani, mimi? Shangazi ni wako, mama watoto."

Nikabaki njia panda. Medali naitaka, lakini Shangazi nitamwachaje nyumbani kama mwavuli wakati wa kiangazi?

Jumamosi kituo kikawekwa uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Mume wangu alishika saa. Shemeji, dereva wetu, alishika chupa za maji na kula ndizi zangu. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuninywesha, kunipaka mafuta penye michubuko, na kunifukuza.

Nikazunguka mtaa. Kurudi, nakuta kiti kimewekwa kivulini. Shangazi akanidaka mkono, akanipima mapigo.

"Yanakwenda mbio!"

"Shangazi, si nakimbia?"

"Ndiyo maana. Keti."

Nikakaa. Viatu vilivuliwa saa ngapi, sijui.

Mume wangu akakohoa. "Shangazi, muda..."

"Muda, muda! Wewe friji likinguruma hulipumzishi?"

"Friji likipumzika, Shangazi, nyama inaoza."

Mzunguko wa pili tulificha kiti, akapindua ndoo. Wa tatu tulificha ndoo. Akaketi mwenyewe kwenye mkeka, akanipakata, mimi mama wa watoto wawili. Shemeji alipaliwa na ndizi.

Mume wangu akanivutia nyuma ya tangi. "Zunguka mara moja tu. Ukirudi, umwambie."

Safari hiyo miguu ilikuwa myepesi, moyo ndio mzito. Nikawa natafuta maneno ya kumwambia, na kila nililolipata lilikuwa na miiba. Badala yake nikakumbuka benchi la wodini, nilipokuwa nikimngoja baada ya shule. Mikono ileile iliyowafunika wagonjwa taratibu, kengele ya wageni kuondoka ikilia tu, ilibadilika. Diwani, bwana harusi, bibi na vikapu vyake: wote waliswagwa mpaka mlangoni kama mbuzi waliovamia bustani.

Niliingia uani, Shangazi akaja na mto kifuani. Sikuhema. Nilisimama wima.

"Hodi, nesi. Nimekuja kumtazama mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?"

Nikamwonyesha Shemeji, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka na ndizi yake ya tano.

Shangazi akamtazama, akanitazama. Mto ukashuka. Mabega yakapanda.

"Saa hizi? Muda wa kutazama wagonjwa umekwisha!"

"Dakika moja tu, nesi..."

"Kila mtu dakika moja! Kunywa maji yako, haya, twende!" Chupa mdomoni, mafuta pajani, kiganja mgongoni. "Na hivyo viatu vyenu! Wodi imepigwa deki sasa hivi!"

Geti likanifungia nje, komeo likalia kwa! Huko ndani mume wangu alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Shangazi," nikaita, "nimesahau kofia."

"Njoo kesho jioni!"

Kisha nikasikia sauti ya Shemeji, ya kinyonge: "Shangazi, na mimi niinuke?"

"Nani amekuruhusu? Lala!"

"Kaka, mwambie basi!"

"Vumilia, mdogo wangu," mume wangu akajibu. "Kila kituo utalala hivyohivyo. Kitanda tutakipakia."

Nikashika njia, kichwa wazi juani, nikikimbia na kucheka.