Mikunazi ya Kuelekea Kituoni

Silvesta alikuwa mchoraji wa ramani za miti katika ofisi moja ya wasanifu Doha, lakini barabara alizozichora alizijua kwa gari tu. Ijumaa moja ya Mei gari lilikuwa gereji, naye alikuwa ameahidi kumsaidia dada yake, Peninah, kubeba sufuria ya pilau hadi kanisani, maana Doha ibada huwa Ijumaa. Peninah alifanya kazi za nyumbani kwa familia moja mtaa wa Al Thumama. Silvesta akaja kwa basi, akamkuta getini na sufuria, wakaibeba pamoja, wakashika njia kurudi kituoni.

Jua la alasiri liliwapiga ubavuni. Hawajafika nusu ya njia, Silvesta akaona kizunguzungu. Peninah akamvuta nyuma ya sanduku la umeme lililosimama kando ya njia.

"Jikunje hapa. Ndicho kivuli chetu."

"Siku zote unapita huku, dada?"

"Nipite wapi tena? Kunywa maji, umebadilika rangi."

Silvesta akamwambia kwamba mchoro wa barabara ile ile ulikuwa mezani kwake ofisini, na barabara ilipangiwa mitende katikati, kati ya magari yaendayo na yarudiyo.

Peninah akacheka. "Kwani magari nayo yanaungua? Si yana AC?"

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huko, Silvesta alichora upya: mikunazi pembeni mwa njia ya miguu, upande wa jua la alasiri. Bosi wake, Bradley, akatikisa kichwa. Chini kulikuwa na mabomba ya maji.

"Basi twende tukatembee, bosi. Mchana huu."

Walirudi shati la Bradley limemganda mgongoni kwa jasho. Hakukubali yote, mitende ilibaki. Lakini kipande cha kuelekea kituoni, mbali na mabomba, alikitilia sahihi.

Mikunazi ilipandwa majira ya baridi, tayari mirefu kuliko mtu. Machi, Peninah aliitazama akasema, "Ikishakuwa mikubwa, mimi niko nyumbani Kakamega. Mkataba unaisha Juni."

Silvesta akanuna. Neno hilo lilimchoma.

"Wee, usinune," Peninah akasema, akamshika mkono na kumsogeza chini ya mti. Kivuli kiliwatosha vichwa na mabega.

Mama mmoja akaja akisukuma kigari cha mtoto, uso umemwiva kwa jua. Peninah akamgusa kaka yake kwa kiwiko.

"Sogea, tumpishe mtoto."

Silvesta akarudi juani, akitabasamu.