Neno la Babu Yake Kornelio

“Haki ya Mungu, hili ni kweli tupu, hata chumvi sijatia,” aliapa Mzee Kornelio, sahani ya pilau mapajani. “Neno sabuni alilitunga babu yangu, Songea. Aliteleza mtoni na bonge la majivu na mafuta ya nyonyo, akapiga yowe: sabuni! Mwarabu akalibeba. Mhindi akalibeba. Mfaransa akalikata mkia, akasema savon. Lugha zisizojuana hata kwa salamu, zote zinaogea neno la Mngoni!”

Wageni wa akika wakaangua kicheko. Kornelio akatazama saa: saa saba na nusu. Saa nane mjukuu wake Anjelina anapata kipaimara kanisani, na alimwahidi atasimama nyuma yake. Mshumaa wa Anjelina ulikuwa mfukoni mwa koti lake.

Alipoinuka, mwenyeji wake Kondo alikuwa ameshaweka kigoda kwenye mlango pekee wa ua, akakikalia. Kondo ni Mmatumbi, mtani wake. Na mtani akikubana, kununa ni aibu.

“Hutoki, Mngoni. Thibitisha, au uoshe masufuria yote ya akika.”

“Kondo, nina Misa!”

“Na sie tuna masufuria.”

Kornelio akautazama ukuta. Juu, vipande vya chupa.

“Imo kwenye kamusi yangu. Niacheni nikaichukue.”

“Kaa, baba. Mke wangu Tunu anampigia shemeji, mkeo, sasa hivi. Anakuja nayo.”

Kornelio akajuta kuitaja. Miaka thelathini alijifundisha kwa kamusi ile, pembezoni kumejaa kalamu yake.

Eufrazia, mkewe, akafika kavaa gauni la kanisani, kamusi kwapani. Kondo akafunua, akasoma pembeni kwa sauti: “‘Sabuni. Kiarabu, sabun. Nyuma yake Kilatini, sapo. Kwetu: sabuni hii, sabuni hizi.’ Mwandiko wa nani huu, shemeji?”

“Wa huyohuyo. Kama kuku kakanyaga wino.” Akamnyooshea mumewe mkono. “Leta mshumaa.”

“Mke wangu, nilimwahidi Anjelina…”

“Nitamwambia babu yuko kwenye sabuni. Ukimaliza utatukuta kwenye soda za baada ya Misa.”

Kondo akasogeza mguu, Eufrazia akapita, mguu ukarudi palepale.

Kornelio akavua koti, akakunja mikono ya shati. Tunu akampa stilwaya na kipande cha mche wa sabuni. Kengele ya kanisa ilipolia, kichwa chake kilikuwa ndani ya sufuria la kwanza. Yalibaki manne.