Kamera Mbili kwa Mama Huguette

Noëlla alikuwa bado anaigeuzageuza kamera ya kwanza, dukani kwa Mama Huguette katikati ya mji wa Kolwezi, Mukalay, mpiga picha wa harusi, alipoingia bila kumsalimia mtu.

"Kumbe njo hapa unajificha," alisema. "Mama Huguette, huyu mutoto alikuwa anabeba mifuko yangu. Leo anataka kuwa fotografe!"

Ilikuwa kweli. Noëlla alikuwa amembebea Mukalay mifuko na taa kwenye harusi nyingi, kutoka Kolwezi mpaka Fungurume, na hakuruhusiwa hata mara moja kubonyeza kitufe. Siku alipoomba afundishwe, Mukalay alimcheka mbele ya wageni wa harusi. Noëlla akaacha kazi, akauza mikate sokoni, na sasa alikuja kununua kamera yake mwenyewe, ya kwanza.

Juu ya meza ya duka zilikuwa mbili, za kampuni mbili tofauti, zote za mtu anayeanza. Bei moja, weusi mmoja, lenzi za ukubwa mmoja. Moja ilikuwa na mkanda mwekundu, nyingine mkanda wa buluu. Mama Huguette alikuwa amejaribu kueleza tofauti ya hizo mbili akashindwa.

"Apareyi yote mbili inapiga foto, mwanangu. Chagua tu."

"Akamate ya mukanda mwekundu," Mukalay akadakia. "Ile njo tunatumikisha siye bote hapa Kolwezi. Lenzi, betri, chaji, tunaazimana. Lakini weye, Noëlla, nilishabaambia bote. Hakuna mutu atakupatia kitu. Hata kitambaa cha kupangusa lenzi."

"Sikukuomba kitu, tata," alijibu Noëlla, akimwita baba kwa heshima ya kawaida.

"Utaomba. Utakuja kupiga magoti kwangu."

Mama Huguette aliinamisha uso. Mukalay alikuwa akimletea wateja.

Noëlla alihisi mashavu yanamuwaka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa na ukweli: mwanzoni kabisa asiye na wenzake hana pa kuazima. Alitamani kumrushia kamera moja usoni. Badala yake aliinua ile ya mkanda mwekundu, akamlenga nayo.

"Ee! Nani amekuruhusu?"

Duka lilikuwa na giza, umeme umekatika. Noëlla alitaka kuongeza mwanga, lakini kidole chake hakikufika kwenye gurudumu dogo la juu. Ilibidi ashushe kamera alitafute kwa macho, na alipoiinua tena Mukalay alikuwa amempa mgongo. Akaiweka chini, akachukua ya mkanda wa buluu. Hii ilikaa mkononi. Kidole gumba kilifika chenyewe kwenye gurudumu.

"Tata Mukalay!"

Mukalay akageuka na matusi mdomoni. Kamera ikalia. Kwenye skrini alionekana mdomo wazi, mishipa ya shingo imetuna, meno yote nje.

"Futa ile foto!"

"Mama Huguette, nakamata hii," Noëlla alisema. "Na betri ya pili."

"Batakukatalia mupaka utauza!" Mukalay akapiga kelele. "Utabaki peke yako!"

"Nilikuwa peke yangu hata nikibeba mifuko yako."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndoa ya jirani yake, Mignonne. Familia ya bwana harusi nayo ilikuwa imemwita Mukalay. Maharusi walipoanza kuvishana pete, Mukalay alikuja kusimama mbele ya Noëlla, mgongo wake mpana ukafunika kila kitu.

"Tata, sogea kidogo."

"Kanisa si ya baba yako," alinong'ona bila kugeuka.

Noëlla alipita nyuma ya kwaya, akapenya kati ya waimbaji, akatokea upande wa pili. Kutoka pale aliwaona maharusi uso kwa uso, na nyuma yao mama ya Mignonne akilia huku anacheka. Akapiga, akapiga tena. Mukalay alipomwona, alikuwa ameshachelewa.

Mignonne alizipenda picha zile, akawaonyesha dada zake, nao wakamwita Noëlla kwa ubatizo, halafu kwa harusi mjini Lubudi. Mukalay akaeneza maneno kwamba kamera ya Noëlla ni mbovu, kwamba amemroga bibi harusi. Wapiga picha wengine wakimwona njiani wanavuka barabara.

Naye amejifunza kutowasalimia. Kila Jumamosi yeye na Mukalay hukutana kanisani, wanasukumana kwa viwiko mbele ya altare, na hakuna anayesema pole.